Mpira wa Puani na Kijiko cha Dada Patima

Joto la kaskazi lilipoanza, mama mmoja alinishika mkono kwenye benchi la kliniki. "Baba," alisema, "nimesikia nawe ulilishwa kwa mpira. Mume wangu watamtia kesho. Nikamwambie nini?" Nilimjibu ovyo. Nilimwambia atazoea. Niliporudi kitandani kwangu nikaona nimemdanganya, maana mimi sikuzoea, na sijui nani aliyezoea. Namwandikia yeye, na wengine walio kwenye benchi kama lile.

Mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikatoka kwenda kubeba mkoba wa fundi bomba, mpaka nikawa fundi mwenyewe. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia haujarudi vizuri. Pale nisipokuwa na hakika nitasema. Mengine niliyaona nikiwa na homa, na homa haiaminiki. Habari za ugonjwa wenyewe waulizeni madaktari. Mimi nitasema nilivyokaa nao.

Kiharusi kilinipiga wakati wa masika, asubuhi, ninatafuta kiatu. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanangu Juma yuko Maskati kikazi. Chumba nilichopanga Jang'ombe kilikuwa cha mtu mwenye miguu yake. Hospitali walinitazama mpaka mvua zikapungua, kisha nikapelekwa nyumba ya wazee. Wapo waliosema nimetupwa, nami naomba niseme si kweli. Dada yangu Patima, aliyenilea baada ya mama kufa, anakaa Chukwani kwa mkwewe, chumba kimoja na wajukuu. Angeniweka wapi? Alikuja kila alipopata nauli na nafasi, na zaidi ya hapo.

Mpira nilitiwa hospitali. Nesi alinishika kidevu akawa anasema, "Meza, mzee. Meza tu, meza." Kumeza ndiko nilikokuwa sikuwezi. Miaka mingi nimesukuma waya kwenye mabomba ya nyumba za Mji Mkongwe, mabomba ya chuma yaliyojaa kutu, nikisikilizia kwa kiganja pale panapopinda kona. Sikuwahi kufikiri upande wa bomba ukoje. Siku hiyo nilijua. Machozi yalinitoka, na kwa kuwa nusu ya uso ilikuwa imekufa, yalitoka jicho moja.

Wadi yetu ya wanaume ilikuwa na Mzee Vuai kitanda cha pili. Alikuwa hamali bandarini ujana wake, na mdomo wake haukupata kuzeeka. Siku ya kwanza alinitazama nikimiminiwa maziwa kwa bomba la sindano, akasema, "Fundi, leo weye ndo umeungwa. Ukivuja usinivujie miye, godoro langu hili jipya." Mwajuma, mtumishi aliyekuwa anatulisha na kutuosha, alimwambia anyamaze. Mimi nilitamani nicheke, sikuweza, nikakoroma.

Lakini Vuai huyo huyo alikuwa na jambo ambalo sikuliona kwa mwengine. Chai ikija, alipotaka kuchovya mkate wake, aligeuka akanipa mgongo. Alikuwa na maumivu ya kiuno, kugeuka kulimgharimu. Hakusema kwa nini.

Maana tumbo hushiba, mdomo haushibi. Hilo ndilo nililotakiwa kumwambia yule mama. Ulimi wangu uliota utando kama chokaa. Midomo ilipasuka. Meno ya bandia yaliacha kunikaa, ufizi ulinywea. Tundu la pua lilichubuka mpaka kunyolewa ndevu ikawa adhabu. Suruali niliyoletwa nayo ikawa ya mtu mwengine. Na Ijumaa, harufu ya pilau inapotoka jikoni, mate yalijaa nami sina pa kuyapeleka, yakawa yanashuka kidevuni mbele ya wageni. Aibu ile sijui niiandike vipi.

Nesi wetu mkubwa alikuwa Bi Raya, mwanamke wa makamo, mkali wa karatasi kuliko wa watu. Kwenye kitanda changu alitundika karatasi kwa uzi. Kila kilichoingia kwenye mpira kiliandikwa pale: maziwa, uji uliochujwa, maji ya kuuosha mpira. Aliandika na nilivyokaa, kama nilikohoa, na nini kilirudi alipovuta sindano kuangalia tumbo. Na chini yake, karatasi ile ile, aliandika mkojo na choo. Ilipokuja kuvimba mishipa ya mkono wakanitia dripu ya dawa, na dripu iliandikwa hapo hapo, chupa ilipotundikwa na ilipokwisha.

Kisha alifanya jambo ambalo nimeuliza kwengine na wengi hawalifanyi. Alinisomea.

"Mzee Makame, nimeandika uji, umekaa wima, hukukohoa. Kweli si kweli?"

Nikifumba macho mara moja ilikuwa kweli. Mara mbili, si kweli. Siku moja nilifumba mara mbili. Alisita, akamwita Mwajuma, ikajulikana kuwa nilikohoa yeye akiwa ametoka. Bi Raya akakata, akaandika upya. Mwenye mwili unaolishwa kama chungu, kuulizwa kweli si kweli ni jambo kubwa. Nilikuwa nangoja kusomewa kuliko nilivyongoja uji.

Kipupwe kilipoingia alianza kunilowesha ulimi kwa pamba, ananiambia nijaribu kumeza mate yangu mwenyewe. Daktari, aliyekuja kila Alkhamisi, alisema nikiendelea hivi nitajaribiwa uji mzito kwa kijiko baada ya muda. Basi hilo ndilo nililolishikilia. Sikuomba kutembea. Sikuomba hata kusema. Niliomba kula kwa mdomo wangu kabla sijafa.

Dada Patima hakuyaamini mambo ya pamba. Alikaa kwenye stuli akiangalia maziwa yanavyoshuka mpirani, kisha humpigia Juma. "Baba yako hajala," alisema. Juma husema, "Shangazi, nimetumiwa picha ya karatasi, kala leo mara kadhaa." Dada hujibu, "Hiko si kula. Hata ndoo hujazwa." Mara nyengine walikuwa wakisemezana mpaka simu inakatwa, sijui na nani. Wote wawili walinitakia mema, nilikuwa nalala katikati yao nikisikia.

Siku moja alikuja na chupa ndogo iliyofungwa kitambaa cheupe. Kombe. Mwalimu wa chuoni kwao alikuwa ameandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, na maji yale ndiyo anayokunywa mgonjwa. Kwetu hakuna aliyeumwa sana akapona au akafa bila ya kombe.

"Shikamoo, Bi Patima," Bi Raya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea ndugu yangu kombe. Mnyweshe."

"Kwa mdomo hawezi, mama. Nipe mpaka Alkhamisi nimuulize daktari kama naweza kuyapitisha mpirani. Akikubali nitayatia kwa mkono wangu, na nitaandika."

"Utaandika wapi?"

Bi Raya akampa karatasi. Dada akavaa miwani, akaisoma huku kidole kinashuka. Maziwa. Uji. Maji. Kidole kikafika chini kikasimama.

"Hapa? Na mkojo?"

"Mstari wowote ulio wazi, mama."

"Bi Raya, weye Muislamu mwenzangu. Maneno ya Mwenyezi Mungu yakakae na choo cha Makame?"

Bi Raya akaichukua karatasi yake. "Kinachoingia kwa mgonjwa wangu lazima nikiandike," alisema. "Hata yangekuwa maji ya Zamzam."

"Basi wacha." Dada akairudisha chupa mkobani.

Nimelifikiri sana na mpaka leo naona kila mmoja alikuwa na haki yake. Bi Raya hakuwa amelidharau kombe. Dada hakuwa mtu wa siri. Alishindwa tu kuona aya zinawekwa pale. Kama ningekuwa na ulimi sijui ningesema nini.

Alirudi siku ya pili. Bi Raya alikuwa mapumzikoni. Mwajuma alikuwa ameshanipa maziwa, nimekaa wima kama inavyotakiwa, akaandika, akanisomea, nikafumba mara moja. Kisha akamtoa Vuai barazani kuota jua. Dada akafunga mlango. Akaniteremsha taratibu, akakiweka kichwa changu pajani mwake, kama alivyokuwa akinipa dawa za homa nilipokuwa mdogo. Akasoma alichosoma.

"Fungua mdomo, Makame."

Niliufungua. Hakunilazimisha, na hilo lihesabiwe upande wake.

Zafarani na mawaridi. Tangu masika hakuna kitu kilichokuwa na ladha, hata damu ya midomo. Ilinijaa mpaka kwenye masikio. Kisha maji yakaenda kusikotakiwa. Nilikohoa nikahisi kifua kinachanika, yeye akasema, "Taratibu, taratibu, linatoka," akanipa kijiko chengine.

Jioni nilikuwa natetemeka. Yaliyofuata nayasema kwa shaka. Gari, taa ya dari, hospitali. Waliufunga mpira, wakasema tumbo lipumzike, nikawa naishi kwa dripu. Mishipa ilikuwa inakimbia sindano. Walichoma mikono, wakaja mguuni. Mikono ikawa myeusi kama embe lililoanguka. Maji yale hayana njaa wala shibe. Mtu unakaa tu, baridi inapanda mkononi, na kinachokuambia siku imepita ni chupa kubadilishwa.

Daktari wa kule alisoma karatasi ya Bi Raya. Maziwa, kwa mpira, amekaa wima, hakukohoa. Akaiangalia tena.

"Hapa kuna mawili," alimwambia mwenzake, juu ya kichwa changu. "Ama mlishaji kamlaza akaandika kuwa kamkalisha. Ama kamkalisha kweli, na bado yanarudi yanaingia mapafuni. Kama ni hilo la pili, mpira wa pua haumfai. Apelekwe Bara, atobolewe tumbo, alishwe kwa tundu hilo."

"Na mazoezi ya kumeza?"

"Kumeza asahau. Mapafu haya hayastahimili mara nyengine."

Dada Patima alikuwa amesimama miguuni pangu. Aliyasikia yote. Juma akapiga simu, nikamsikia sauti yake kwa mbali, "Shangazi, nani alimlaza? Nataka jina." Dada akasema, "Mie mambo ya mipira siyajui, mwanangu." Si uongo. Mambo ya mipira hakuyajua.

Mwajuma aliambiwa akae kwao mpaka jambo lieleweke. Hilo nililijua niliporudi nyumba ya wazee, dhaifu, barua ya Bara iko mezani inangoja safari. Mtu mwengine ndiye aliyekuja kuniosha. Vuai akasema, "Yule mtoto kalia hapa mpaka kanilowesha shuka. Nimemwambia mie mwenyewe hulowesha, asinisaidie." Kisha hakutania tena siku hiyo.

Bi Raya alikuja baada ya adhuhuri, dada yuko kwenye stuli. Akavuta kiti karibu na uso wangu.

"Mzee Makame. Mwajuma alikukalisha. Kweli si kweli?"

Nikafumba mara moja.

"Kuna kilichopita mdomoni?"

Sikufumba. Nilikaa macho wazi mpaka yakauma, machozi yakaanza kutoka lile jicho moja. Kujibu ilikuwa kumtaja dada yangu mbele yake. Kukataa ilikuwa kumzika Mwajuma, na mdomo wangu pamoja naye. Bi Raya akaniangalia. Hakumtazama dada. Akasimama, akawa anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Bi Raya," dada akasema. "Huna karatasi nyengine? Isiyo na yale mengine."

Bi Raya akaenda kabatini akarudi na karatasi nyeupe tupu.

"Una udhu?"

"Ninao, mama. Nimetoka kuswali."

"Andika basi. Kombe."

"Naandika maji ya zafarani na mawaridi."

"Na aya?"

"Aya hazikwenda mapafuni, Bi Patima. Maji ndo yaliyokwenda."

Nje mtu alikuwa anafua, tulisikia nguo zinapigwa jiweni.

"Kiasi gani, mama?"

"Kijiko."

"Kalala, kakaa?"

"Nilimlaza. Kichwa hapa." Akapiga paja lake.

"Alikohoa?"

"Alikohoa." Akavua miwani. "Nikaona ndo baya linamtoka. Kwa hivyo nikampa cha pili."

Bi Raya aliandika hilo nalo. Halafu alinisomea, mstari kwa mstari, kama siku zote. "Kweli si kweli?" Nikafumba. Dada akafunika uso kwa ukaya wake, mabega yanacheza, sauti haitoki.

Daktari alipokuja Alkhamisi aliisoma karatasi ile amesimama. Hakumgombeza mtu. Alisema safari ya Bara ingoje, mpira ubaki, mapafu yakikauka tutaanza tena na pamba. Mwajuma akarudishwa. Dada alimfuata jikoni akamwomba radhi. Sikuwepo, Mwajuma aliniambia baadaye, akasema walilia wote kisha wakakosana juu ya chumvi ya mchuzi.

Lakini tangu hapo dada hakuingia tena ndani. Alikuja kama kawaida, akakaa barazani, akauliza habari dirishani. Akinitazama aliificha mikono chini ya buibui. Mwanamke aliyenilisha mimi kwa mikono ile tangu sijui kutembea, sasa nikitolewa barazani akaombwa anipanguse mdomo, anamwita mtumishi.

Kipupwe kilikuwa kinamalizika Vuai naye aliposhindwa kumeza. Walimtia mpira, akauvuta. Wakamtia tena, akauvuta. "Mie hamali," alimwambia Bi Raya kwa sauti iliyobaki, "mzigo naubeba, sibebeshwi." Bi Raya alimweleza vizuri kukataa kutamfikisha wapi, mbele yetu. Kisha karatasi ya Vuai ikawa na neno moja linarudiwa: kakataa. Kakataa. Kakataa. Chini yake mkojo, unapungua. Wengine walisema angelazimishwa, wengine walisema ni haki yake, na mimi sijaamua. Siku zake za mwisho nilijaribu nigeuke nimpe mgongo nikilishwa. Sikuweza kugeuka. Nilifumba macho tu. Asubuhi moja godoro lake jipya lilitolewa juani, na uzi wa karatasi ukabaki unaning'inia kitandani.

Mvua za vuli zilikuwa zinagonga mabati waliponijaribu. Nilikalishwa kwenye kiti, mto mgongoni, kidevu kimeinamishwa. Uji wa mchele mzito wa kusimamisha kijiko. Daktari alikuwepo, Mwajuma kashika taulo. Bi Raya akachota kidogo, ncha ya kijiko.

Nilikuwa na maneno machache wakati huo, yote yamepinda. Nilisema, "Dada." Hawakunielewa. Nikasema tena, nikatazama dirishani.

Walimwita. Alisimama mlangoni, buibui limelowa mvua, mikono imefichwa. "Siwezi," alisema. "Mkono huu siuamini."

"Daktari yupo hapa," Bi Raya akamwambia. "Mimi nitakushika kiwiko. Na amekaa, mama, tazama. Amekaa."

Dada alikitazama kijiko. Kisha akaitazama karatasi iliyotundikwa kwa uzi, ile yenye mkojo na choo na kila kitu.

"Utaandika?"

"Nitaandika."

"Andika na nani kamlisha. Andika Patima, dada yake. Kikiharibika wasitafute mtu."

Akanawa mikono. Kijiko kiligonga jino langu moja lililobaki. Uji ulikuwa vuguvugu, una chumvi kidogo. Niliinamisha kidevu nikasukuma kwa nguvu zote kama walivyonifundisha. Nikakohoa. Dada akaurudisha mkono kama aliyeungua. Kisha nikasukuma tena, kikashuka. Nilikisikia kinashuka mpaka chini.

Mpira bado niliendelea nao kwa muda, na mpaka leo maji ya kawaida yananishinda, lazima yatiwe uzito. Sitakudanganya tena, mama wa benchini. Mwambie mumeo inauma. Mloweshe midomo. Usile ukimkabili. Ukija na kitu, chochote, cha duka au cha dua, kiseme, na kama huwezi kukiona kimeandikwa pale, omba karatasi nyengine.

Bi Raya alinisomea siku ile kabla hajatoka. "Uji wa mchele, ncha ya kijiko, kwa mdomo. Amekaa. Kalishwa na Patima, dada yake. Kakohoa mara moja. Kameza. Kweli si kweli?"

Dada akasema, "Na kikohozi umekitia?"

"Nimekitia, mama. Si kakohoa?"

"Kakohoa," dada akasema, akavuta stuli akakaa.